Koomenjwe, mzee aliyewavusha Wameru bila kuogelea

Ukikulia Meru, jina la Koomenjwe umelisikia jikoni kwa nyanya kabla hujalisikia shuleni. Mimi nilikuwa namchukulia kama hadithi ya kulaza watoto, hadi mwaka huu nilipoanza kujifunza kuogelea hapa Embu nikiwa na miaka 24. Manze, ni aibu. Mtu mzima ameshikilia ukingo wa kidimbwi, watoto wadogo wanampita wakicheka.

Tarehe yake ya kuzaliwa hakuna aliyeiandika. Wazee husimulia kwamba watu wetu waliishi kisiwa kinachoitwa Mbwaa, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyezunguka Meru akiongea na wazee, anaona kwamba Mbwaa ni Manda, pale Lamu. Hao mabwana walipenda kutoa mitihani isiyo na jibu, na Koomenjwe alipata jina kwa kuijibu. Leteni ndama anayekunya kinyesi cheupe: ndama akalishwa maziwa matupu. Leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili: wakakata ngozi ile inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe.

Ninaoupenda zaidi ni ule wa tunda. Lilitumbukizwa kwenye shimo refu, wakaambiwa walitoe bila kulidunga. Wakamwaga maji ndani mpaka tunda likapanda juu lenyewe. Mwalimu wangu wa kuogelea alinifundisha hilo tunda wiki nzima kabla hajaniruhusu kupiga mguu hata mmoja. Lala chali, jaza hewa kifuani, legeza shingo, masikio yaingie majini. Mimi nilikuwa nakaza mwili na kuinua kichwa, basi miguu inazama. Anayepigana na maji huchoka haraka. Anayeelea anapata muda wa kupumua na kuita mtu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mkuki unaofika mbinguni. Hapo hata Koomenjwe aliona ni kutoroka tu.

Walifika kwenye maji usiku. Simulizi zinasema aliyapiga kwa fimbo yakagawanyika, baada ya wanaume watatu, Gaita, Kiuna na Muthetu, kujitolea wawe kafara. Nyanya anaamini hivyo na mimi sibishani naye. Lakini wazee haohao husema maji ya Mbwaa yalikuwa na tabia ya kwenda kula nyasi kisha yanarudi. Mtu wa Lamu akisikia hivyo atakwambia tu: hayo ni maji kupwa na kujaa. Kwa hivyo mimi namwona Koomenjwe akiwa amekaa ufuoni siku nyingi, kimya, akiangalia maji yanaondoka lini na yanarudi lini.

Sisi huku hatuangalii. Rupingazi hapa Embu na Kathita kule Meru zote zinashuka kutoka Mlima Kenya. Mjini jua linawaka, kule juu msituni mvua inanyesha, na mto unajaa ghafla. Mwaka niliomaliza kidato cha nne tuliruka mtoni kwa sababu jana yake maji yalikuwa ya kiunoni. Siku hiyo yalikuwa ya kahawia na hakuna aliyepima hata kwa kijiti. Yalinibeba mpaka nikanasa kwenye mzizi. Mamangu hajui mpaka leo. (Mama, kama unasoma, pole.) Wasee, maji yakianza kubadilika rangi, toka. Usingoje mwenzako atoke kwanza.

Baadaye Koomenjwe aliongoza watu safari ndefu ya kuelekea mlimani, na wapo wanaomhesabu kuwa Mugwe wa kwanza. Lakini katika simulizi zote nilizosikia, hakuna aliyeogelea usiku ule. Walitembea. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Wa alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limetoka wakawa Njeru, weupe.

Kwetu ni Njeru. Watu wetu ndio walioingia mwisho, na nyuma yao maji yakafunga.