Askofu Edward Steere, Mchapaji wa Vitabu na wa Hadithi za Wanyama

Katika parokia yetu twasali, twaimba na kufundisha kwa Kiswahili, lakini ni mara chache twajiuliza ni nani walioanza kukitia katika vitabu. Katika yubile hii twapenda kumkumbuka mmoja wao. Hakuwa wa Kanisa letu Katolika, alikuwa Mwanglikani. Hata hivyo tuna deni kwake.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akaiacha kazi hiyo akawa padri. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Huko alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akaweka mtambo wa kuchapa vitabu, na vijana waliotolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi.

Wenyeji wakamsimulia hadithi, naye akaziandika. Mwaka 1870 zilitolewa London katika kitabu. Humo yumo sungura amshindaye simba kwa hila, na kima aliyechukuliwa baharini na papa ili moyo wake uwe dawa ya sultani mgonjwa. Kima alijibu kwamba makima huiacha mioyo yao mtini. Akarudishwa pwani, akaruka juu ya mti, akapona. Steere hakujidai kuwa mwenye hadithi hizo: katika jina lenyewe la kitabu alitangaza kwamba zimesimuliwa na watu wa Unguja.

Lugha hiyo hiyo ilitufikia sisi kwa njia ya uchungu. Misafara ya Tippu Tip ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare kuelekea Tanganyika na pwani, ikichukua pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Livingstone, aliyekaa siku nyingi Kabambare, aliyaona mauaji ya soko la Nyangwe mwezi wa Julai 1871, na habari zake ziliwachoma moyo Waingereza. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Siku ya Noeli ya mwaka huo, jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Steere, aliyepewa uaskofu mwaka 1874, ndiye aliyeusimamia ujenzi wake. Alifariki mwezi wa Agosti 1882, akazikwa humo, nyuma ya altare.

Nasi tuungame kosa letu. Tuliporudi kutoka seminari ndogo, tulizidharau hadithi za bibi zetu, tukiziona maneno ya watoto. Leo wengi waliozijua wamekwisha lala kaburini, na hadithi zao pamoja nao. Mgeni alivuka bahari, akaketi chini ya wazee wasio wake, akaandika. Sisi wazee wetu tungali nao, hapa Kasongo na huko Kabambare. Tushike kalamu wakati wangali wanasema.