Sorghaghtani Beki na Cheo Chake

Aghalabu wasomaji hudhani kwamba Beki ni sehemu ya jina la Sorghaghtani. La hasha; ni cheo, tena chenye historia ndefu. Miongoni mwa makabila ya misituni kaskazini mwa Mongolia, beki alikuwa chifu aliyekuwa pia kuhani. Mwaka wa 1206, Genghis Khan alimtawaza mzee Usun wa ukoo wa Baarin kuwa beki: avae mavazi meupe, apande farasi mweupe, aketi mahali pa juu na kuchagua miaka na miezi ya heri.

Wanawake wa nasaba za kitawala nao waliitwa hivyo, ingawa wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba cheo cha kike ni neno jingine, begi. Konsonanti moja yatosha kuwagombanisha maprofesa!

Sorghaghtani alikuwa Mkereiti, Mkristo wa madhehebu ya Nestorio, binti ya Jakha Gambu. Wakereiti waliposhindwa mwaka wa 1203, aliozwa Tolui, kitinda mimba wa Genghis Khan na Börte. Tolui alifariki mwaka wa 1232. Ögedei, Khan Mkuu na shemejiye, akataka kumwoza mwanawe, Güyük. Kumkatalia Khan kulikuwa hatari, lakini mjane huyu alikataa kwa adabu, akisema kwamba wajibu wake ni kuwalea wanawe: Möngke, Kublai, Hülegü na Ariq Böke. Kwa maoni yangu, huu ndio uamuzi mkuu wa maisha yake. Angekubali, urithi wa Tolui ungemezwa na ukoo wa Ögedei.

Güyük alitawazwa mwaka wa 1246. Alipoelekea magharibi na jeshi mwaka wa 1248, Sorghaghtani alimwonya Batu kwa siri. Güyük akafia njiani, na Batu akailipa fadhila hiyo kwa kumuunga mkono Möngke, aliyetawazwa mwaka wa 1251. Wanaomsifu mama huyu hupita haraka mauaji yaliyofuata, ambamo wapinzani wa mwanawe waliangamizwa, akiwemo Oghul Qaimish, mjane wa Güyük. Husimulia zaidi jinsi yeye, Mkristo, alivyogharimia ujenzi wa madrasa mjini Bukhara.

Alifariki mwaka wa 1252. Mwaka wa 1335, maafisa wa Kublai walikwisha kupita, lakini waliowarithi nchini China waliomba utaratibu wa sadaka zake katika kanisa la Ganzhou uwekwe rasmi. Katika ombi lao hawakuandika Sorghaghtani. Walimwita Malkia Beki, mamake Kublai.