Bakhita: Mtumwa aliyekataa kurudi kwa bibi yake

MSICHANA aliyetekwa Darfur, Sudan, akiwa na umri wa takriban miaka minane, hakuweza tena kulikumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Lilikuwa jina la dhihaka, lakini ndilo lililoingia katika orodha ya watakatifu wa Kanisa Katoliki Oktoba 1, 2000, alipotangazwa na Papa Yohane Paulo II.

Alizaliwa mwaka 1869 hivi. Baada ya kutekwa alitembezwa peku mamia ya kilomita hadi El Obeid, akauzwa na kuuzwa tena. Mtoto wa mmoja wa mabwana zake alimpiga hadi akalala zaidi ya mwezi bila kuweza kunyanyuka. Katika nyumba ya ofisa wa jeshi la Kituruki alichorwa kwa unga juu ya ngozi, kisha michoro ikafuatwa kwa wembe na vidonda vikasuguliwa chumvi. Makovu 114 alikwenda nayo kaburini.

Mwaka 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na ofisa wa ubalozi wa Italia, Callisto Legnani, ambaye hakumchapa. Bwana huyo alipoondoka Sudan kwa hofu ya majeshi ya Mahdi, Bakhita alimsihi amchukue. Walifika Italia mwaka 1885, na huko akakabidhiwa familia ya Michieli awe yaya wa binti yao, Mimmina.

Mwaka 1888 mama wa mtoto alisafiri kwenda Suakin, ambako mumewe alikuwa na hoteli, akawaacha wawili hao kwa masista wa Shirika la Canossa mjini Venice. Huko Bakhita alifundishwa katekisimu. Tangu utotoni alikuwa akilitazama jua na nyota akijiuliza ni nani bwana wake. Sasa aliambiwa kuwa Bwana huyo naye alichapwa mijeledi. Kwake yeye, habari hiyo haikuhitaji maelezo marefu.

Bibi yake aliporudi kumchukua, alikataa. Wengi humsifu Bakhita kwa upole na kuisahau siku hiyo, ingawa alimpenda Mimmina na alijua atampoteza. Shauri lilifika mbele ya mamlaka, na Novemba 29, 1889 ikaamuliwa kuwa sheria ya Italia haitambui utumwa, hivyo yeye ni mtu huru. Tangu afike nchini humo ilikuwa imepita zaidi ya miaka minne.

Alibatizwa Januari 9, 1890 kwa jina la Josephine, akaweka nadhiri za utawa Desemba 8, 1896. Kuanzia mwaka 1902 alitumikia Schio kama mpishi, mtunza sakristia na bawabu. Alipoulizwa kuhusu waliomteka, alijibu kuwa angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwani bila wao asingekuwa Mkristo. Jibu hilo huwakwaza wengi hadi leo, na si ajabu. Lakini ni yeye tu aliyekuwa na haki ya kulitoa.

Katika ugonjwa wake wa mwisho alirudi kimawazo utumwani, akimsihi muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ni mizito. Alifariki dunia Februari 8, 1947. Tangu mwaka 2015, Kanisa Katoliki huitumia tarehe hiyo kuwaombea waathirika wa biashara haramu ya binadamu.