Urabi Pasha: Alishindwa vitani, akaacha shule



Kila mwaka nikifika kwenye mada ya nchi za Kiislamu kuangukia mikononi mwa wakoloni, wanafunzi wangu hutaka niwaeleze habari za Salahuddin. Nikiwatajia Ahmad Urabi Pasha wa Misri wananiuliza alishinda vita gani. Nikiwajibu kuwa alishindwa, tena katika mapigano ambayo hayakufikisha hata saa mbili, hamu yao inaisha hapo hapo. Leo naomba niwasimulie nyinyi wakubwa.

Urabi alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Zagazig, mashariki ya Delta ya Mto Nile. Baba yake alikuwa sheikh wa kijiji, naye alifariki kwa kipindupindu mtoto akiwa bado mdogo. Urabi akasoma Al-Azhar, na huenda angeishia kuwa imamu wa kijijini kwao lau si amri ya mtawala wa Misri, Said Pasha, kwamba watoto wa masheikh wa vijiji nao waingizwe katika maafisa wa jeshi. Kabla ya hapo Mmisri mkulima alikuwa askari wa kubeba bunduki tu. Vyeo vilikuwa vya Waturuki na Wacherkesi, watu wenye asili ya milima ya Kaukasia. Wote Waislamu, wote wakisali safu moja, lakini kambini mmoja bwana na mwingine mtumwa.

Urabi aliingia jeshini mwaka 1854. Alipofikia umri wa miaka 20 hivi alikuwa tayari luteni kanali. Kisha Said akafa, akatawala Ismail, mlango ukafungwa. Kwa miaka inayokaribia 20 Urabi hakupanda cheo. Akapelekwa katika vita vya Ethiopia vya mwaka 1875 na 1876 kushughulikia usafirishaji wa mizigo, akaona kwa macho yake jinsi jeshi linaloongozwa kwa nasaba linavyoteketea.

Wakati huo huo Misri ilikuwa inazama katika madeni. Ismail alikopa Ulaya mpaka deni likakaribia pauni milioni 100. Mwaka 1875 akaiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa pauni milioni 4. Wadai wakaleta wakaguzi wao, Mwingereza na Mfaransa, wakakaa juu ya hazina ya nchi, na karibu nusu ya mapato ikawa inakwenda kulipa deni. Ili kubana matumizi, mwaka 1879 maafisa wapatao 2,500 wakawekwa kwenye nusu mshahara. Mwaka huo huo Ismail akaondolewa, akawekwa mwanawe Tawfiq.

Basi hapo ndipo Urabi alipoanza. Waziri wa Vita, Uthman Rifqi, Mcherkesi, alileta sheria ya kuwazuia askari wa kawaida kupanda hadi uafisa. Januari 1881 Urabi na makanali wenzake wawili, Ali Fahmi na Abd al-Al Hilmi, wakapeleka barua ya malalamiko. Wakaitwa makao makuu ya jeshi kwa hila, wakakamatwa. Askari wao wakavamia na kuwatoa. Waziri akafukuzwa, mshahara ukaongezwa. Tarehe 9 Septemba 1881 Urabi akaongoza vikosi hadi mbele ya Kasri ya Abdin, akamtaka Tawfiq aiondoe serikali iliyokuwepo, aitishe bunge, na jeshi lifikishwe watu 18,000, kiwango kilichoruhusiwa na Sultani wa Uturuki. Mwaka uliofuata akawa yeye mwenyewe Waziri wa Vita.

Sitamtetea katika kila jambo. Alipopata madaraka alipandisha Wamisri wenzake kwa mamia, na Aprili 1882 Wacherkesi wapatao 40 wakahukumiwa na mahakama ya kijeshi ya siri kwa kosa la kula njama dhidi yake. Dhulma haifutwi kwa kugeuza tu nani yuko juu, na naamini pale alijipunguzia marafiki aliowahitaji sana baadaye.

Julai 11, 1882 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga Alexandria. Tawfiq akahamia upande wa Waingereza. Likazuka suala ambalo hadi leo linatusumbua: mtawala Mwislamu akishirikiana na jeshi la wavamizi, anastahiki kutiiwa? Baadhi ya masheikh wa Al-Azhar walitoa fatwa kuwa Tawfiq amejivua utawala. Mmoja wao, Sheikh Muhammad Ulaysh, mzee wa umri wa miaka 80 hivi, alikamatwa baada ya vita na kufia kizuizini. Naye Sultan Abdulhamid, khalifa aliyetegemewa, mwanzoni mwa Septemba alimtangaza Urabi kuwa ni muasi, na tangazo likasambazwa kwa askari wake.

Urabi alikuwa na kosa jingine, la wema. Mwasisi wa Mfereji wa Suez, Mfaransa de Lesseps, alimhakikishia kuwa mfereji hautatumika kwa vita. Urabi akaacha kuuziba kwa wakati. Waingereza wakapita humo humo, wakateremka Ismailia. Alfajiri ya Septemba 13, baada ya kutembea usiku kucha jangwani, walivamia kambi ya Tel el-Kebir. Wamisri kama 2,000 wakauawa, Waingereza 57. Jeshi likavunjwa, likaundwa jipya la watu 6,000 chini ya jenerali wa Kiingereza. Wanajeshi wa Uingereza walikuja kumaliza kuondoka Misri mwaka 1956.

Urabi alihukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kuwa uhamisho wa maisha. Januari 1883 akashushwa Colombo pamoja na wenzake sita, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Waislamu wa kule walikuwa wameziogopa shule za Kiingereza kwa sababu nyingi zilikuwa za wamisionari, wakabaki nyuma ya wenzao. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Urabi alikuta mwanasheria Siddi Lebbe anahangaika kuwaamsha, akamuunga mkono kwa jina lake na heshima yake. Jaribio la kwanza la shule lilikufa. Mwaka 1892 wakafungua nyingine, Urabi akiwa mlezi wake, iliyofundisha dini pamoja na masomo ya kisasa. Ndiyo Zahira College, ipo mpaka leo.

Waliporuhusiwa kurudi, baadhi walikuwa wamekwisha zikwa kisiwani. Abd al-Al Hilmi alifia Colombo mwaka 1891. Urabi alirejea Cairo mwaka 1901 baada ya miaka 18. Vijana wapya wa harakati hawakumpokea. Walimlaumu kuwa ndiye aliyewaleta Waingereza, magazeti yakamkejeli. Alikaa kimya nyumbani kwake miaka 10, akafariki Septemba 1911. Allah amrehemu.