Luigi Broglio

Luigi Broglio (Mestre, 11 Novemba 1911 – Roma, 14 Januari 2001) alikuwa mhandisi, profesa na jenerali wa jeshi la anga nchini Italia. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa kituo cha kurushia roketi kilichojengwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Kutoka kituo hicho ilirushwa Uhuru, satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei.

Maisha ya awali

Broglio alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha La Sapienza mjini Roma, akahitimu mwaka 1934, kisha akajiunga na jeshi la anga kama mhandisi. Mwaka 1952 alimrithi Gaetano Arturo Crocco kama mkuu wa shule ya uhandisi wa ndege ya chuo hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliongoza urushaji wa roketi za utafiti kisiwani Sardinia.

Mradi wa San Marco

Mwaka 1961 serikali ya Italia ilikubali pendekezo lake la kutengeneza satelaiti, na mwaka uliofuata ilipatana na NASA. Marekani ilitoa roketi aina ya Scout na mafunzo. Italia ilitengeneza satelaiti na kujenga kituo. Tarehe 15 Desemba 1964 kikosi cha Broglio kilirusha San Marco 1, satelaiti ya kwanza ya Italia, kutoka Wallops Island nchini Marekani.

Kituo chenyewe Broglio alikitaka karibu na ikweta. Hapo ardhi huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayoelekea upande huo husaidiwa na mwendo huo. Alichagua Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, takriban digrii 3 kusini kwa ikweta. Majukwaa ya chuma yalisimamishwa baharini kwa miguu mirefu: San Marco kwa ajili ya roketi na Santa Rita kwa ajili ya waongozaji. Upande wa mashariki ni Bahari ya Hindi tupu, hivyo vipande vya roketi vilianguka mbali na makazi ya watu.

Satelaiti ya kwanza kurushwa hapo ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Ilibeba kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, kilichopima msongamano wa hewa nyembamba ya juu kwa jinsi ilivyoisukuma satelaiti.

Satelaiti ya Uhuru

Eksirei kutoka kwenye nyota hufyonzwa na angahewa na hazifiki ardhini, kwa hiyo vipimo vyake sharti vipelekwe juu. Hata huko, chembe zilizonaswa na usumaku wa dunia huvuruga vipimo, hasa juu ya Atlantiki ya kusini. Obiti iliyo karibu na ikweta huepuka sehemu kubwa ya eneo hilo. Ndiyo maana Wamarekani walileta satelaiti yao Ngomeni.

Ilirushwa na kikosi cha Waitalia tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi upande wa NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilizunguka dunia katika ukanda mwembamba wa ikweta, ambamo imo miji ya Nairobi, Kampala na Bukoba.

Hadi mwaka 1973 Uhuru iliwezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba Centaurus X-3 na Hercules X-1 ni nyota za nyutroni zinazovuta gesi kutoka nyota jirani. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuitambua kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wa mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Urithi

Kati ya 1967 na 1988 satelaiti 9 zilirushwa kutoka Ngomeni, zikiwemo Ariel 5 ya Uingereza (1974) na SAS-3 ya Marekani (1975), zote mbili za eksirei. Tangu wakati huo hakuna satelaiti nyingine iliyorushwa hapo, lakini kituo cha nchi kavu huendelea kupokea mawimbi ya satelaiti. Baada ya kifo cha Broglio kituo kilipewa jina lake.

Mwaka 2018 satelaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na La Sapienza, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga.