Bibi Kate Sheppard na Sahihi za Wengi
Katika kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu, twamkumbuka Bibi Kate Sheppard, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia New Zealand, akafariki mwaka 1934. Yeye na wenzake waliliomba Bunge liwape wanawake haki ya kupiga kura. Mwaka 1891 walikusanya sahihi zaidi ya 9,000, hawakufaulu. Mwaka 1892 zilikaribia 20,000, wakashindwa tena. Mwaka 1893 zilikaribia 32,000. Karatasi zikaunganishwa kwa gundi, zikazungushwa kwenye mpini wa ufagio, kisha zikakunjuliwa Bungeni. Tarehe 19 Septemba haki hiyo ikawa sheria. Ila ya kugombea Ubunge ilingoja hadi 1919.

Haba na haba hujaza kibaba. Nasi tujiulize: mama alimaye shamba, je, jina lake limo katika daftari letu?