Konde la Wangila lililomaliza ubishi Seoul

MWAKA wa 1988 uliwaachia wapenzi wa michezo mabishano mawili ambayo hayajapata suluhu. Mnamo Februari jijini Chicago, Michael Jordan alimbwaga Dominique Wilkins kwa pointi 147 dhidi ya 145 katika shindano la danki, mchezo wa kuruka na kuutumbukiza mpira kikapuni kwa madaha. Jordan alikuwa akicheza nyumbani. Waamuzi walipompa Wilkins pointi 45 pekee katika ruko lake la mwisho, kisha wakamtunukia Jordan 50, wengi walishuku kwamba ugeni ndio uliomponza Wilkins.

Miezi minane baadaye, katika Michezo ya Olimpiki jijini Seoul, Mmarekani Roy Jones alimcharaza Park Si-hun wa Korea Kusini makonde 86 naye akapokea 32. Hata hivyo, waamuzi watatu kati ya watano walimpa ushindi mwenyeji. Uamuzi huo ungali unatajwa kuwa miongoni mwa aibu kubwa kuwahi kuikumba ndondi.

Katika mashindano hayo hayo ya Seoul, kijana wa miaka 21 kutoka Eastlands, Nairobi, hakuwaachia waamuzi kazi yoyote. Jina lake lilikuwa Robert Napunyi Wangila.

Wangila alizaliwa Nairobi mnamo Septemba 1967. Ndondi alijifunza katika klabu ya Dallas, mtaani Muthurwa, miongoni mwa nyumba zilizojengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kutoka hapo hadi Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na Jericho, barabara ya Jogoo ilipita katikati ya mitaa iliyojaa vijana wengi na nafasi chache. Aliyekuwa na miguu myepesi alikimbilia soka. Aliyekuwa na ngumi nzito aliingia katika kumbi za kijamii, akafunga vitambaa mikononi na kuanza kupiga mfuko wa mchanga.

Watazamaji wa kumbi hizo hawakuwa watu wa kudanganywa kwa urahisi. Walitambua bondia aliyekuja kupigana na yule aliyekuja kusubiri kengele. Mabondia wawili wakikumbatiana raundi nzima, ukumbi ulijaa minong'ono na miluzi. Lakini mnyonge akikataa kunyongeka, akajibu konde kwa konde huku damu ikimtoka puani, hata waliokuwa wakimshangilia mpinzani wake walisimama. Kwa mashabiki wa aina hiyo, pambano lilinoga pale ambapo hakuna aliyejua litaishaje, na kila mmoja aliyekuwa ulingoni alikuwa na kitu cha kupoteza. Lilichosha pale ambapo mshindi alijulikana mapema, au alipochaguliwa na watu waliokaa kando na kalamu mkononi.

Wangila alilelewa na jicho hilo kali. Alikuwa bondia wa uzani wa welta mwenye nguvu, asiyependa kurudi nyuma, na konde lake lilikuwa na uzito wa kubadili pambano kwa sekunde moja. Mnamo 1987, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika, alikuwa miongoni mwa Wakenya waliotwaa dhahabu katika ndondi. Kikosi cha taifa wakati huo kiliogopwa kote barani, na jina lake la utani, Hit Squad, lilitamkwa kwa fahari kuanzia vibanda vya chai vya Burma hadi ofisi za serikali.

Hata hivyo, alipowasili Seoul, Wangila hakuwa jina kubwa duniani. Macho mengi katika uzani wake yalimwelekea Mmarekani Kenneth Gould, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mwaka wa 1986. Gould aling'olewa katika nusu fainali na Mfaransa Laurent Boudouani, bondia stadi ambaye miaka minane baadaye angekuja kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa. Huyo ndiye aliyemsubiri kijana wa Muthurwa katika fainali.

Pambano hilo halikufika raundi ya tatu. Katika raundi ya pili Wangila alimpata Boudouani kwa konde safi, Mfaransa akaanguka, na refa akahesabu hadi kumi. Hapakuwa na kadi za kusomwa wala pointi za kujumlishwa. Kijana wa Eastlands alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki.

Kenya ilirejea na nishani tano za dhahabu kutoka Seoul. Nne zililetwa na wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya Wangila, na hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Mwenzake Chris Sande alipata shaba katika uzani wa kati. Tangu wakati huo, hakuna bondia Mkenya aliyepata nishani ya Olimpiki.

Kashfa ya Jones iliwalazimu wasimamizi wa ndondi kubadili mfumo wa kuhesabu pointi, na mwaka wa 1992 jijini Barcelona kompyuta zilitumika kunakili makonde. Dawa ya Wangila ilikuwa ya kale zaidi. Alimwondolea kila mtu shaka kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini dawa hiyo ilikuwa na gharama yake. Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa nchini Marekani, ambako kofia ya kukinga kichwa huvuliwa, na pambano la raundi tatu hugeuka kuwa la raundi nane, kumi au zaidi. Huko mtazamaji hulipa ili aone mtu akianguka, na bondia mwenye sifa ya kuangusha wenzake hutarajiwa afanye hivyo kila usiku. Katika mapambano 27 alishinda 22, na kati ya hayo 16 aliyamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Alishindwa mara tano. Taji kubwa la dunia ambalo mashabiki wa Nairobi walimtarajia kulileta nyumbani halikupatikana.

Mnamo Julai 22, 1994, alipanda ulingoni jijini Las Vegas kupambana na David Gonzales. Alipigwa makonde mengi, naye hakurudi nyuma. Katika raundi ya tisa, refa Joe Cortez aliingia kati na kulisimamisha pambano. Wangila alilalamika, akiamini bado angeweza kuendelea. Alitoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, lakini alipofika katika chumba cha kubadilishia mavazi alizirai. Alikimbizwa hospitalini akiwa hana fahamu kutokana na damu iliyovuja kichwani. Hakuamka tena. Aliaga dunia mnamo Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Kwa mtazamaji, uamuzi kama ule wa Cortez ndio humaliza raha ya pambano. Mtu amelipa kiingilio, bondia bado amesimama, anasema yuko sawa, kisha refa anapunga mikono. Mara nyingi ukumbi huguna. Usiku ule wa Las Vegas ulionyesha kwamba anayestahili kugunwa si refa anayesimamisha pambano. Ikiwa Cortez alikosea, basi alikosea kwa kuchelewa.

Hapo ndipo ndondi inapotengana na mashindano mengine ya kuwafurahisha watu. Mchezaji wa danki akikosa, mpira hugonga chuma, watu wakacheka, naye akarudi nyumbani na maisha yake yote. Wilkins alipoteza kombe, na Jones alipoteza dhahabu, lakini wote wawili waliendelea hadi wakawa miongoni mwa magwiji wa michezo yao. Wangila, ambaye Seoul hakuhitaji huruma ya mwamuzi yeyote, alikuja kuihitaji mara moja tu maishani, na ilipofika aliipinga.

Hakujua kupigana kwa namna nyingine. Ujasiri uliowainua watu vitini Muthurwa na ukamwangusha Boudouani Seoul ndio uliomfanya adai kuendelea akiwa tayari ameumia.